Hesabu Inayoshikika: Njiti, Mafundo na Kamba Nyuma ya Mocímboa da Praia

Sita jumlisha nne ni sawa na nne. Huo ni mlinganyo mmoja mashuhuri katika michezo ya chemshabongo ya simu na kompyuta: namba zimepangwa kwa njiti za kiberiti, na mchezaji anatakiwa kuhamisha njiti moja tu ili hesabu ikae sawa. Wengi hukimbilia namba. Njiti ya katikati ya sita ikichomolewa na kusimamishwa juu upande wa kulia, sita inageuka sifuri, na sifuri jumlisha nne ni nne. Mwenye macho makali zaidi haigusi sita kwanza, anaigusa alama: njiti ya wima ya kujumlisha ikitolewa, inabaki alama ya kutoa, na njiti hiyo ikiziba pengo la sita inapatikana nane, nane toa nne ni nne. Lipo na jawabu la tatu, kwa wasioona vibaya tisa isiyo na mkia wa chini: sita ipunguzwe iwe tano, na nne ya mwisho ivishwe kofia iwe tisa. Mchezo kama huu huhesabiwa kuwa kitu cha kuletwa, kilichofika Afrika Mashariki pamoja na kioo cha simu. Hoja yangu ni kwamba mchezo ndio uliokuja, ila namna ya kufikiri iliyo ndani yake haikuhitaji kuja. Katika pwani ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, na katika uwanda wa Wamakonde ulio nyuma yake, hesabu kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya kuhamisha kitu kinachoshikika, kwa sharti lisilovunjwa, mpaka mambo yakae sawa. Na dhana kwamba watu wa huko hawakujua hesabu ilizaliwa ofisini, kwa watu waliotambua hesabu iliyoandikwa tu.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa sababu asili yake si ndefu kama inavyodhaniwa. Kiberiti cha kuwasha kwa kusugua kiliuzwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1827, dukani kwa John Walker, muuza dawa wa Stockton-on-Tees. Mafumbo ya njiti yalifuata kiberiti kilipokuwa kitu cha kila mfuko. Mwaka 1889 Sophus Tromholt, aliyejulikana zaidi kwa uchunguzi wa nuru za kaskazini, alitoa kitabu kizima cha michezo ya njiti kwa Kijerumani. Wajapani wa kizazi cha jana waliyapokea kupitia vitabu vya chemshabongo vya Akira Tago vilivyoanza kutoka mwaka 1966, na Tago huyo huyo ndiye aliyesimamia mafumbo ya mchezo wa Professor Layton ulipotoka mwaka 2007. Kwa hiyo anayesema kwamba njiti za kwenye kioo ni kitu cha ugenini hakosei. Anachosahau ni kwamba hata huko ugenini kiberiti hakikuanzisha jambo, kilipanda juu ya jambo la zamani. Wachina walifanya hesabu zao kubwa kwa vijiti vilivyopangwa juu ya meza zaidi ya miaka 2000 iliyopita, wakizidisha, wakigawanya na kutafuta vipeuo kwa kuviongeza na kuviondoa. Kijiti kilikuwa namba kabla hakijawa mchezo.

Wanasaikolojia nao wamelichungua fumbo hili, na walichokiona kinasaidia hoja. Günther Knoblich na wenzake walichapisha mwaka 1999 utafiti uliotumia njiti zilizopangwa kwa namba za Kirumi. VI = VII + I haiwashindi wengi: njiti moja inatoka kwenye saba na kwenda kwenye sita, mambo yamekwisha. III = III + III inawatoa watu jasho, kwa sababu jawabu lake ni kuigeuza alama ya kujumlisha kuwa alama ya sawa, na kuacha tatu sawa na tatu sawa na tatu. Hakuna hesabu ngumu hapo. Kinachozuia ni imani kwamba namba ndizo zinazohama na alama hazihami. Mwaka 2005 Carlo Reverberi na wenzake walionyesha jambo la kushangaza zaidi: wagonjwa walioumia sehemu ya pembeni ya mbele ya ubongo walifaulu fumbo la aina hiyo ngumu kwa asilimia 82, huku wenye afya wakifaulu kwa asilimia 43. Mazoea, kumbe, ni mzigo. Fumbo la njiti linapima kama mtu anaweza kukitazama kila kilichopo mezani kuwa ni kitu cha kuhamishwa, na hilo ndilo nitakalolifuata kaskazini mwa Msumbiji.

Ushahidi wa kwanza ni kamba. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka kusini mwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki na kukaa Newala, kwenye uwanda wa Wamakonde upande wa kaskazini wa mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto uwanda unaendelea hadi Mueda, na kutoka Mueda njia inateremka hadi bandari ya Mocímboa da Praia. Weule alipewa ugwe wa gome la mti wenye mafundo 11 na kuelezwa matumizi yake. Mume anayesafiri humkabidhi mkewe ugwe huo na kumwonyesha: fundo la kwanza ni leo ninapoondoka, la pili, la tatu na la nne niko njiani, la tano nafika, la sita nashinda huko, la saba naanza kurudi, kila siku fungua fundo moja, na siku ya kumi upike, maana ya kumi na moja naingia. Tuushike ugwe huo karibu kidogo. Kwenda kunamaliza mafundo matano, kukaa fundo moja, kurudi mafundo matano. Aliyeufunga alikuwa amekwisha kutunga mlinganyo wenye pande mbili zinazofanana na kituo katikati, na kuujumlisha kabla ya kutia mguu njiani. Aliyebaki nyumbani alifanya kazi ya kutoa, fundo kwa fundo, na wakati wowote aliweza kujua siku zilizosalia bila kukumbuka zilizopita ngapi.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo si la kupuuzwa: kamba ni kumbukumbu tu, si hesabu. Mtu anayefunga fundo kwa kila siku hajui zaidi ya moja na moja. Pingamizi hili lingesimama kama mafundo yangekuwa yanarundikwa tu. Lakini Paulus Gerdes na Marcos Cherinda, wanahisabati wa Msumbiji waliokusanya njia za kuhesabu za nchi hiyo, walieleza kwamba kaskazini umri wa mtu uliwekwa kwa kamba mbili. Kila mwezi mpevu fundo moja lilifungwa kwenye kamba ya kwanza. Yalipotimia 12, fundo moja lilifungwa kwenye kamba ya pili kuwa mwaka. Kufunga fundo moja mahali pengine badala ya mafundo 12 ya hapa ni jambo lile lile analoshindwa nalo mtoto wa darasa la pili anapoambiwa abebe moja. Ni thamani ya nafasi: fundo ni lile lile, kinachobadilisha thamani yake ni kamba lilipofungwa. (Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, kwa hiyo mwaka wa kamba ulikimbia mbele ya mvua kwa siku kumi na moja hivi. Wamwani wa pwani, wafuasi wa kalenda ya Hijria, hawakuwa na sababu ya kulalamika.) Kumbukumbu tupu haihitaji kamba ya pili.

Vidole vilikuwa chombo kingine, na utaratibu wake haukuwa wa kubahatisha. Mmakonde anayehesabu huanza mkono wa kulia, akivigusa vidole vyake kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Tano ni ngumi ya mkono wa kulia. Kuanzia sita mikono hubadilishana kazi, na kumi ni ngumi mbili zilizokutanishwa. Wamakonde na majirani zao Wamakua hujenga namba juu ya tano na kumi: sita hutamkwa kama tano na moja, saba tano na mbili. Mrumi aliyepanga VI alifanya hivyo hivyo kwa njiti mbili za V na moja ya kando. Sidai kwamba Mrumi na Mmakua waliwahi kuambiana. Mkono una vidole vitano popote ulipo. Nadai jambo dogo zaidi, kwamba mtu ambaye sita yake inaonekana wazi kuwa ni ngumi na kidole haoni ajabu sita kuvunjwa na kuundwa upya. Ni sisi tuliofundishwa 6 kama mchoro mmoja usiogawanyika ndio tunaohitaji mchezo wa kutukumbusha kwamba una viungo. Na kwa kuwa tumefika hapo: katika tarakimu za njiti saba zinazotumika kwenye vioo, nne inajengwa kwa njiti nne, tano kwa tano na sita kwa sita. Hakuna tarakimu nyingine yenye bahati hiyo.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote uko kwenye msingi wa nyumba. Gerdes alieleza njia mbili ambazo wajenzi wa Msumbiji hutumia kupata msingi wa mstatili bila kipimapembe. Katika ya kwanza, mianzi miwili mirefu iliyo sawa na mingine miwili mifupi iliyo sawa hulazwa chini na kuunganishwa ncha kwa ncha. Umbo linalopatikana lina pande zinazolingana, lakini linaweza kulala upande, pembe mbili zikabana na mbili zikapanuka. Mjenzi huchukua kamba na kupima kutoka pembe moja hadi ile inayoikabili, kisha hupima pembe mbili nyingine, na kuisogeza mianzi mpaka vipimo viwili viwe kimoja. Hapo pembe zote zimekaa mraba. Katika njia ya pili kamba mbili zenye urefu sawa hufungwa pamoja katikati. Mwanzi wenye upana wa nyumba hulazwa, vigingi hupigwa kwenye ncha zake, ncha moja ya kila kamba hufungwa kwenye kigingi, kamba zikavutwa zikakaza, na ncha zilizobaki ndizo zinazoonyesha pembe mbili za upande wa pili. Njia ya kwanza ni fumbo la njiti kwa maana kamili. Vipande vinne, urefu haubadilishwi, hakuna kinachoongezwa wala kupunguzwa. Kinachoruhusiwa ni kusogeza, na kuna alama ya sawa inayoamua kama umefika. Tofauti ni kwamba ukikosea hapa paa halikai.

Mtu wa vitabu atauliza: je, mjenzi anajua kwa nini? Kufanya sawasawa si kujua. Euclid alithibitisha, mjenzi amerithi. Gerdes mwenyewe alikubali nusu ya pingamizi hili: anayeiga tu ufundi alioukuta, alisema, kwa kawaida hafanyi hisabati; aliyeugundua ndiye aliyeifanya. Kwa maoni yangu alikuwa mkarimu mno kwa wapinzani wake. Mianzi haizaliwi imenyooka, kiwanja hakiko bapa, na kila mwenye nyumba anataka upana wake. Anayesogeza mwanzi lazima ajue uelekee wapi: ulalo mmoja, yaani kipimo cha pembe hadi pembe, ukizidi mwingine, ni pembe zipi zivutwe ndani na zipi zisukumwe nje, na kwa nini urefu wa pande usiguswe hata kidogo. Hayo ni maarifa ya kitu gani kinabaki na kitu gani kinabadilika, na hayo ndiyo kiini cha uthibitisho wenyewe, hata kama hayakuandikwa. Vinginevyo tungelazimika kusema kwamba mchezaji anayelipata jawabu la njiti hajafikiri mpaka aandike insha juu yake.

Pwani inatoa mfano wa namna hiyo hiyo kwa wavuvi. Dema la samaki, ambalo pia huitwa lema, husukwa kwa fito zinazokwenda pande tatu na kuacha matundu ya pembesita. Gerdes aliuliza swali ambalo wengi hawakuuliza: msukaji anaipataje pembe ya nyuzi 60 bila kuipima? Jawabu lake ni kwamba fito zenyewe zinailazimisha. Ukizipindisha moja juu ya nyingine kwa pembe nyingine yoyote zinateleza au zinavunjika. Zinapotulia na kubana, pembe imepatikana. Sitalikuza dema kuwa chuo kikuu. Ila linaonyesha kwamba katika ukanda ule mkono ulizoea kusubiri ishara kutoka kwa kitu: sogeza, jaribu, sogeza tena, simama kinapotulia. Bao linafanya jambo hilo kwa namba tupu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji akianza na 22 mkononi na kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba. Na bingwa hujua kabla ya kumwaga kete ya kwanza mtaji wake utaishia shimo gani baada ya mizunguko kadhaa. Kusini kidogo, katika Ilha de Moçambique, Abdulcarimo Ismael alilichunguza bao la huko liitwalo tchadji kwa ajili ya kufundishia hisabati. Mchezaji wa bao hahesabu vitu vilivyotulia. Anahesabu matokeo ya kuvihamisha.

Lakini pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine kabisa. Pwani hii haikuwa nchi ya watu wasioandika. Wamwani wa Mocímboa, wa Ibo na wa Palma ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na masheikh na watawala wao waliwaandikia Wareno barua kwa herufi za Kiarabu katika karne ya 19. Nyingi zimehifadhiwa katika hifadhi ya kumbukumbu ya taifa mjini Maputo, na Liazzat Bonate amezichambua. Basi, atasema mpinzani, hesabu ya kweli ya pwani ilikuwa ya karatasi, na kamba na fito zilikuwa za wasiojua kusoma huko bara. Nalikubali la kwanza, nalikataa la pili, kwa sababu hesabu ngumu kuliko zote katika elimu ile ya karatasi, yaani mirathi, ina moyo wa fumbo la njiti. Chukua mwanamke aliyekufa akaacha mume na dada wawili wa baba na mama. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Ukiweka yote kwa sudusi, mume anachukua tatu na dada wanachukua nne: saba kutoka katika sita. Mlinganyo haukai, na hakuna mrithi unayeweza kumnyang'anya, kwa maana kila fungu limetajwa katika Kurani. Ufumbuzi uliotolewa zama za Khalifa Umar, unaoitwa aul, ni kuacha mafungu kama yalivyo na kuihamisha asili yenyewe, yaani idadi ya sehemu za mali yote, kutoka sita hadi saba. Mume akapata tatu ya saba, dada nne ya saba. Ibn Abbas hakukubali, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Lakini tazama lilivyofanyika: ilipodhaniwa kwamba sehemu za juu ndizo zinazohama, aliyefumbua aligusa ile ya chini iliyodhaniwa haiguswi. Mwanafunzi wa fikihi husimuliwa pia kisa cha Imam Ali kuulizwa swali la namna hiyo akiwa mimbarini, la mke, mabinti wawili, baba na mama, akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, maana asili ya 24 imepanda hadi 27. Elimu hiyo ilisomwa kwa wino, lakini haikuwa adui wa mkono.

Ikiwa hivyo ndivyo, ilikuwaje pakawa na sifa ya kutojua hesabu? Sehemu ya jawabu ni ya zamani na haikuanzia Msumbiji. Mwaka 1853 Francis Galton alisimulia habari za watu aliowaita Wadamara, katika nchi ambayo leo ni Namibia: kondoo mmoja alibadilishwa kwa misokoto miwili ya tumbaku, lakini ukimpa mtu misokoto minne kwa kondoo wawili kwa mpigo, alichanganyikiwa. Kisa hicho kimerudiwa mno kama kichekesho. Mimi namwona Mdamara akiwa makini kuliko msimulizi. Kondoo wawili si kitu kimoja mara mbili. Mmoja ana mafuta, mwingine amekonda, na biashara ya mmoja baada ya mwingine humlinda mwenye mifugo asiuze bora kwa bei ya dhaifu. Galton alitaka kuzidisha, mwenzake alitaka kufanya biashara. Kosa ni kudhani kwamba asiyeonyesha hesabu yako hana yake.

Kaskazini mwa Msumbiji dhana hiyo ilipata daftari. Kampuni ya Niassa ilipewa hati ya kutawala mwaka 1891 na iliishikilia nchi kati ya Ruvuma na Lúrio hadi mwaka 1929. Mapato yake yalitegemea kodi ya vibanda na kuajirisha watu kazi za mbali, pamoja na migodi ya Afrika Kusini hadi uajiri wa watu wa kaskazini ulipozuiwa mwaka 1913. Karani aliyepita kuhesabu vibanda hakuhitaji kujua mwenye kibanda anahesabu vipi. Alihitaji idadi moja kwenye mstari mmoja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mocímboa da Praia ikapokea majeshi ya Ureno yaliyopelekwa kupigana na Wajerumani, na watu wa bara wakahesabiwa tena, safari hii kwa mizigo waliyobeba. Kisha mwaka 1941 elimu ya Waafrika ilikabidhiwa misheni za Kikatoliki, kwa Kireno, jambo ambalo mji wa Waislamu haukuwa na haraka ya kulifurahia. Matokeo yake, hesabu iliyotambuliwa na serikali ilipatikana mahali pamoja tu, na watoto wengi hawakufika hapo. Ureno ilipoondoka mwaka 1975, ilikadiriwa kwamba watu 93 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Ikawa rahisi kudhani kwamba watu hao hao hawakujua na hesabu.

Pamba inaonyesha vizuri ni nani aliyekuwa hajui nini. Kuanzia mwaka 1938 wakulima walilazimishwa kuilima na kuiuza kwa kampuni zilizopewa maeneo yao, kwa bei iliyopangwa na mizani iliyoshikwa na mnunuzi. Allen Isaacman, aliyewahoji wazee wengi wa Msumbiji kuhusu zama hizo, ameandika jinsi mizani ilivyochezewa na jinsi wakulima walivyojibu kwa kutia mawe ndani ya magunia. Huo ni wizi kwa sheria ya wakati huo, na sina nia ya kuusafisha. Ila kama tunazungumzia mlinganyo usiokaa, hapo upo: upande mmoja umepunguzwa kwa hila, na mtu asiyeruhusiwa kugusa mizani wala bei anagusa kitu pekee kilichobaki, yaani gunia. Mwaka 1957 Wamakonde wa uwanda walipata njia iliyo wazi zaidi. Chama cha wakulima wa pamba cha Lázaro Nkavandame kiliwawezesha kulima kwa hiari na kuuza kwa pamoja, na kukokotoa chao wenyewe. Utawala ulikitilia shaka kwa haraka, na haikuwa kwa sababu ya ubora wa pamba yake.

Baada ya uhuru swali lilibadilika: serikali mpya ilihitaji walimu wa hisabati kwa maelfu, na Gerdes, Mholanzi aliyehamia Msumbiji na baadaye kuwa mkuu wa chuo cha ualimu cha taifa hadi mwaka 1996, aliona kwamba walimu wanafunzi waliiogopa hisabati kama kitu cha mkoloni. Ndipo akaanza kuwaletea darasani msingi wa nyumba, dema na kikapu. Wapo waliomkosoa kwamba alikuwa anawabembeleza watu: anachukua nadharia ya Wagiriki, anaitafuta ndani ya kikapu, kisha anashangaa kuiona. Ukosoaji huo una ukweli kwa baadhi ya mifano. Si kila kikapu kizuri kina nadharia. Hauugusi msingi wa nyumba, ambao jawabu lake linapimwa kwa kamba mbele ya macho ya watu, wala ugwe wa mafundo 11, ambao Weule aliuandika miaka 70 kabla hakujakuwa na nadharia yoyote ya kuusifia.

Linabaki pingamizi la mwisho: hata kama yote haya ni kweli, hakuna mnyororo unaounganisha ugwe wa Newala na njiti za kwenye simu ya kijana wa Mocímboa. Sawa, haupo, na hoja haiuhitaji. Haisemi kwamba mchezo ulitoka kwao. Inasema kwamba aliyezaliwa katika nchi ya kamba, fito, kete na asili za mirathi hakuwa mgeni wa wazo la kwamba hesabu husahihishwa kwa kuhama kwa kitu, na kwamba waliomwita mgeni walikuwa wanapima Kireno chake. Wala sisemi kwamba mkono unatosha. Ugwe wa mafundo una udhaifu ambao kila aliyeachiwa nyumbani aliujua: msafiri akikaa siku tatu badala ya moja, mafundo yanakwisha, chakula kinapoa, na kamba haina njia ya kumweleza mke kwamba mlinganyo umebadilika kule mbali. Kwa habari ya namna hiyo inahitajika barua, na katika pwani ya Mocímboa walikuwapo waliojua kuiandika.